Kitani cha Bwana Arusi

Katika duka la fundi Mbwana pale Ukunda mkasi ulikuwa mmoja, na ulikuwa na msumari wake. Msumari ulipigiliwa ukutani juu ya kichwa chake, mahali ambapo mtu aliyekaa angeweza kuufikia bila kusimama. Mimi nilikaa kwenye cherehani ya pili, karibu na mlango, miaka minane, na katika miaka hiyo yote sikuwahi kuugusa mkasi ule. Uzi niliukata kwa wembe. Ukimuuliza Mbwana kwa nini, atakwambia kwamba anayekata ni fundi na anayeshona ni mshonaji, na kwamba yeye mwenyewe alisubiri miaka tisa kwa fundi wake kabla ya kupewa mkasi. Nilijua kwamba siku nitakapotimiza miaka tisa atakumbuka kuwa yake ilikuwa kumi na miwili.

Nasema mapema ili mnielewe. Mimi Dama si mpole. Nimetoka Mkongani, nimelelewa na mama aliyelima peke yake, na sikufundishwa kuinamisha kichwa mtu anaponisingizia. Lakini kazi naipenda. Kila Jumamosi nikirudi nyumbani nilibeba mifuko mitupu ya saruji iliyotupwa na wajenzi wa Diani, nikaikung'uta, nikaichana, na Jumapili nikaitandaza sakafuni nikakata makoti. Makoti ya karatasi. Mkasi nilikuwa nao, niliununua miaka mitatu nyuma nikauficha ndani ya leso kwenye sanduku. Mama aliponikuta nimepiga magoti na karatasi zimenizunguka aliniuliza kama siku hizi nafundisha chekechea.

Bi Zainabu alikuja majuma mawili kabla ya arusi ya mwanawe. Yeye anauza udi na marashi Msambweni, na pua yake inajulikana kuanzia huko hadi Diani. Ukimpelekea udi uliochanganywa na vumbi la mbao, atakwambia mbao zenyewe ni za mti gani. Alikuja na Swabir, bwana arusi mwenyewe, kijana mrefu mwenye mikono mirefu asiyejua pa kuiweka. Walibeba furushi la kitambaa na gazeti la mitindo.

"Shikamoo, Bi Zainabu," nikasema.

"Marahaba. Fundi yupo?"

Fundi alikuwa amekaa hatua mbili kutoka kwangu, lakini hivyo ndivyo Bi Zainabu alivyozoea kuuliza.

Gazeti alilipata Swabir kwa dada yake anayetandika vitanda hotelini. Mgeni mmoja aliliacha alipoondoka. Ndani mlikuwa na picha ya mwanamume amesimama kwenye ngazi, amevaa koti la kitani la rangi ya mchanga, koti la msimu wa joto lisilo na bitana, mabega yake yamelala vizuri bila kutuna. Swabir aliitunza picha ile mwaka mzima. Alitaka koti lile juu ya kanzu yake siku ya nikaha, lile hasa, si jingine linalofanana nalo. Mama yake alikuwa ameagiza kitani Mombasa, mita tano, ingawa koti moja halifiki hata mita mbili na nusu. Bi Zainabu hana kawaida ya kununua kitu kiasi cha haja.

Katikati ya gazeti palikuwa na karatasi kubwa iliyokunjwa mara nyingi, na juu yake ramani ya koti. Mistari myekundu, ya buluu na myeusi ilipandana, saizi juu ya saizi, mkono wa koti ukipita katikati ya mgongo, kola ikilala juu ya mfuko. Mbwana alivaa miwani, akaitazama, akaivua.

"Hizi ni barabara za Nairobi," akasema, na Bi Zainabu akacheka. "Niachieni mimi. Mimi nakata kwa futi na macho."

"Fundi, kuna maelezo hapa," nikasema. Niliyasoma kwa sauti nikiyatia Kiswahili. Jambo la kwanza kabisa, kabla ya futi na chaki, ni kwamba kitani kifuliwe, kikaushwe, kipigwe pasi, ndipo kikatwe, kwa sababu kikiguswa na maji mara ya kwanza husinyaa.

Hapo wote wakanitazama, na sababu yao naijua. Kwetu kitambaa kipya hakifuliwi. Upya ndio raha yake: ule wanga unaolia unapokaa, alama za mikunjo ya dukani, ile harufu. Siku ya Idi, mtoto ambaye kanzu yake haina mikunjo huchekwa na wenzake kwamba ni ya mwaka jana. Kitambaa kikishaingia majini kimekuwa mtumba, hata kama hakuna mtu aliyekivaa. Na hiki kilikuwa cha bwana arusi.

"Astaghfirullah," akasema Bi Zainabu. "Kifuliwe? Kwani kimechafuka?"

"Hao wenye gazeti hawana Idi," Mbwana akasema. "Dama, rudi kwenye cherehani yako."

Nikarudi. Mbwana akakata, na sitamnyima haki yake, alikata vizuri. Mbele ya wateja alisema anakata kwa macho, lakini walipotoka aliniita nimwonyeshe mstari mwekundu wa saizi ya Swabir unapoanzia na unapoishia, akaufuata taratibu hadi mwisho. Mimi nilishona siku tatu. Mshono ulikuwa wa sentimita moja na nusu kama gazeti lilivyotaka, nami niliupima kila nilipopita.

Jumatatu asubuhi koti lilikuwa tayari, limebaki kupigwa pasi. Pasi ya mwisho huipiga Mbwana mwenyewe, hilo nalo ni sheria ya duka. Umeme ulikuwa umekatika, akachukua pasi ya makaa. Akaipuliza kwa nyuma ili makaa yawake, na majivu yakatoka kwa mbele pamoja na masizi, yakatua begani mwa koti. Akayafuta kwa kiganja. Alama ikatanuka hadi kwenye kola.

"Funga mlango," akaniambia.

Alilifua koti lile uani, ndani ya karai, kwa sabuni ya kipande. Akalianika juani chini ya shuka kuukuu ili wapita njia wasilione. Lilipokauka alilipiga pasi kwa nguvu, kisha akaleta chetezo akalifukiza udi mpaka mimi machozi yakanitoka.

"Fundi," nikasema, "yale maelezo yalisema..."

"Hatujui kitu, Dama. Hakuna kilichotokea hapa."

Nikanyamaza. Nakiri kwamba nilinyamaza, na ukimya ule ndio ulioniponza.

Jumanne Bi Zainabu na Swabir wakaja kulijaribu. Arusi ilikuwa Ijumaa. Bi Zainabu alilinusa koti kabla hata ya kulitazama, akafurahi. "Mashaallah, mmelifukiza," akasema. Swabir akaingiza mikono. Mikono ya koti ikaishia juu kabisa ya vifundo vya mikono yake, inchi moja na nusu nzima. Mgongo ukavuta. Alipojaribu kulikutanisha mbele ilibidi aache kupumua.

"Mama," akasema, "hili ni la mdogo wangu."

Bi Zainabu akamtazama Mbwana, na Mbwana akanitazama mimi.

"Dama amekula mshono," akasema. "Mimi nilikata sawa, yeye ameingiza sindano ndani mno kila upande. Unaona sasa kwa nini siwapi hawa mkasi?"

Nilikasirika hadi masikio yakaziba. Si kwa sababu ya uongo tu, kwani uongo nimeusikia mwingi dukani mle. Nilikasirika kwa sababu aliusema akiwa ametulia, bila hata kutafuta maneno.

"Fundi," nikasema, "mwambie Bi Zainabu ulichofanya jana."

"Nilichofanya jana ni kukuamini." Akachukua kitani kilichobaki, akakitupa juu ya cherehani yangu. "Aliyeharibu ndiye atakayetengeneza. Kitambaa cha koti la pili kipo. Akishindwa, asirudi tena hapa."

Alifikiri nitaomba radhi. Alijua kwamba mshonaji asiyekata hawezi kutengeneza koti jipya, na kwamba ningebaki pale nikimbembeleza anikatie, na kumbembeleza kwangu kungekuwa ushahidi wa kosa langu. Mahesabu yake yalikuwa mazuri. Alisahau tu anayemfanyia mahesabu hayo ni nani.

"Nitatengeneza," nikasema. "Lakini nitakata mwenyewe."

"Kwa mkasi upi? Wangu hautoki msumarini."

"Kwa wangu."

Mbwana akacheka, lakini hakuna aliyecheka naye. Bi Zainabu alikuwa akinitazama kana kwamba ndiyo kwanza ananiona. Ningedhani angekataa, na nusu ya mdomo wake ilikuwa imeshafunguka kukataa. Swabir ndiye aliyesema, bado amevaa koti lile, mikono imemtoka nje.

"Mama, asipokuwa yeye atakuwa nani? Leo Jumanne. Mpe."

Njiani kurudi nyumbani niliogopa, sitasema uongo. Kitambaa kilikuwa kile kile, na nikikikosea hakuna kingine. Mtu aliyeharibu koti la bwana arusi mara mbili hapati kiti kwa fundi yeyote kuanzia Ukunda hadi Msambweni, kwa sababu habari hizo zinatembea haraka kuliko mwenyewe. Lakini kila woga uliponijia nilikumbuka sauti ya Mbwana akisema nimekula mshono, na woga ukaondoka.

Jumatano asubuhi nilifika na mkasi wangu ndani ya leso, na nikaanza na lile jambo la kwanza kwenye maelezo. Nilichukua karai, nikalijaza maji. Sikulipeleka uani. Nililiweka mbele ya duka, kando ya barabara, tuktuk zikipita na watu wakielekea sokoni. Nikakifua kitani mbele ya macho ya watu, nikakisuuza, nikakianika kwenye kamba kutoka nguzo yetu hadi nguzo ya jirani. Kilining'inia pale kizima, kikidondosha maji barabarani.

Mbwana alipofika alisimama akakitazama muda mrefu.

"Umerogwa?"

"Nafua."

"Unafua kitambaa cha bwana arusi hadharani?"

"Wewe ulifua koti lake uani," nikasema. "Kila mtu na mahali pake."

Akaingia ndani, akakaa, na cherehani yake ikaanza kulia kwa kasi isiyo na sababu.

Sikuwa nimepanga Bi Zainabu aje asubuhi ile. Alikuja kuniletea vifungo, vifungo vizuri vya kifuu cha nazi alivyochongesha kwa mtu. Niliisikia sauti yake kabla sijamwona.

"Dama. Nini kile kwenye kamba?"

"Shikamoo, Bi Zainabu. Ni kitani cha Swabir."

Hakuitikia shikamoo yangu, na hilo kwetu si dogo. Alikwenda akakishika kwa vidole viwili, pembeni, akakiachia.

"Mwanangu hajaoa hata siku moja," akasema, "na wewe unataka aingie kwa wakwe zake na nguo ya kufuliwa, kama mtu aliyekwisha acha wake wawili. Watanusa. Watauliza ni ya nani aliyekufa. Nimekukosea nini mimi?"

Mwenye duka la jirani alikuwa ametoka nje. Watu wawili walikuwa wamesimama barabarani. Mbwana aliacha kushona. Nilijua kwamba wanangoja nijitetee kwa sauti ya chini, ya mtu anayeomba radhi, na hiyo sauti mimi sina.

"Hujanikosea," nikasema, "ila umeamini. Ngoja nikuonyeshe ulichoamini."

Nikaingia, nikachukua lile koti la kwanza, nikalitoa nje nikaligeuza ndani nje. Nikampa Bi Zainabu futi ashike mwenyewe. "Pima mshono. Hapa begani. Hapa ubavuni. Hapa mkononi. Popote unapotaka."

Akapima. Kila mahali sentimita moja na nusu. Nikamfungulia gazeti, nikamwonyesha picha ndogo ya mshono na tarakimu iliyoandikwa pembeni, kwa kuwa tarakimu hazina lugha. Akapima tena chini ya kwapa, mahali ambapo mtu akitaka kuficha angeficha. Sentimita moja na nusu.

"Kama nimekula mshono," nikasema, "umekwenda wapi?"

Akaishusha futi. Alikuwa bado ameshikilia kola, na kwa mara ya kwanza tangu Jumanne alikuwa karibu nalo bila moshi mpya wa udi.

"Sasa nusa," nikamwambia. "Si juu. Kunjua kola, nusa ndani ya mkunjo. Wewe si wa kudanganywa na pua yako."

Bi Zainabu akaikunjua kola akaileta puani. Akafumba macho. Niliwahi kumwona akinusa udi hivyo hivyo.

"Sabuni ya kipande," akasema. Akanusa tena. "Na majivu."

"Limefuliwa koti hili," nikasema. "Limefuliwa kwa siri baada ya kushonwa, likasinyaa likiwa limekwisha kuwa koti. Mimi nafua kabla, hadharani, ili kisinyae sasa na kimalize. Kitani hakijui kama kuna arusi. Kikipata maji kitasinyaa tu, leo au siku mwanao atakapomwagiwa marashi."

Bi Zainabu akageuka kuelekea mlangoni. "Mbwana."

Mbwana hakutoka. Alisema kutoka ndani, "Pasi ilimwaga majivu." Kuhusu mimi hakusema kitu. Nilingoja aseme, na nikangoja zaidi ya ilivyostahili.

Bi Zainabu akaviweka vile vifungo kwenye kiganja changu, kimoja kimoja, saba. "Kesho alasiri nitakuja na Swabir," akasema. "Koti lisipomkaa, nitawavika nyinyi wawili mbele ya watu." Akaondoka bila kuaga. Na bado hakuwa ameitikia shikamoo yangu.

Kufikia saa sita kitani kilikuwa kimekauka. Kilikuwa kimepungua kweli, nilikipima. Kile kilichopotea ndicho kilichokuwa kimekosekana kwenye mikono ya Swabir. Kilikuwa kimekuwa laini, wanga wote umetoka, kinalala mkononi badala ya kusimama. Nilimwaga majivu ya zamani kwenye pasi, nikaifuta kwa kitambaa chenye maji, ndipo nikatia makaa. Nikanyoosha kila mkunjo. Ramani ya koti nilikuwa nimeihamishia kwenye mfuko wa saruji usiku wa kuamkia siku ile, mstari mwekundu peke yake, nikapata vipande safi visivyopandana. Nikavitandaza juu ya kitani, nikavibana kwa pini, nikavizungushia chaki na nafasi ya mshono.

Kitu nilichokiogopa kilikuwa kimoja. Mwaka juzi, juu ya karatasi, nilikata mikono miwili na yote ikawa ya kushoto. Karatasi unatupa ukacheka. Kwa hiyo nilikigeuza kile kipande cha mkono, nikakigeuza tena, nikaandika kwa chaki kulia na kushoto kama mtoto wa shule.

Nilipoufungua mkasi cherehani ya Mbwana ilinyamaza. Sikumtazama.

"Geuza hicho kipande cha mkono," akasema. "Nyuzi hazijanyooka. Kitajipinda akitembea."

Nikapima kutoka ukingo wa kitambaa hadi mshale wa kwenye karatasi unaoonyesha nyuzi zielekee wapi, juu na chini. Ilikuwa kweli, kulikuwa na tofauti ya nusu sentimita. Nikakigeuza. Alikuwa sahihi, nami sikuwa mjinga kiasi cha kuharibu mkono wa koti ili nisimsikilize. Lakini sikumshukuru. Mtu aliyenisingizia Jumanne mbele ya watu hataoshwa na neno moja la kweli alilolisema Jumatano tukiwa wawili.

Nikakata. Mkasi wangu ulikuwa haujawahi kukata kitambaa cha mtu. Ulitoa sauti nzito, nzuri, nikaufuata mstari wa mbele, mstari wa mgongo, kwapa ambako mkono hutaka kukimbia. Nilipomaliza nilikuwa nimeloa jasho na nilikuwa na vipande vyote, mkono wa kulia na wa kushoto. Sijui niseme nini juu ya furaha ile. Nilitaka kucheka na nilitaka kumpiga mtu.

Nilipiga bandi kwanza, mishono mirefu ya kushikiza tu, kwa uzi mwekundu, kisha nikashona hadi jua lilipoinama, na Alhamisi tangu asubuhi tena. Mishono ya ndani niliifunika kwa ukanda wa kitani chenyewe, kwa kuwa koti lisilo na bitana halina pa kuficha uchafu. Kila kitu chake kinaonekana likifunguliwa, na hilo ndilo nililolipendea.

Alhamisi baada ya sala ya Alasiri wakaja. Swabir akavaa kanzu, juu yake koti. Mikono ikamfika pale inapotakiwa kufika, ukingo wa kanzu ukichungulia kidogo. Mabega yakalala. Akafunga kifungo, akavuta pumzi, akaitoa, akavuta tena, kisha akacheka peke yake. Akaweka mikono mifukoni kama yule mtu wa kwenye ngazi, na kwa mara ya kwanza alijua pa kuiweka.

Bi Zainabu akamzunguka. Akavuta hapa, akabonyeza pale. "Limekaa," akasema mwishowe. "Leo limekaa. Lile nalo lilikuwa limekaa kabla ya maji."

Hapo ndipo nilipofanya kitu ambacho hata mimi sikukipanga. Nilichukua kikombe cha maji yangu ya kunywa, nikamshika Swabir mkono, nikamwagia. Kuanzia kiwiko hadi ukingoni. Bi Zainabu akapiga kelele moja fupi. Mbwana akasimama hadi kiti kikaanguka.

"Vua," nikamwambia Swabir. Nikaulaza ule mkono juu ya meza, nikampa Bi Zainabu futi. Inchi ishirini na nne na nusu. Ndicho kipimo nilichoushonea. Nikaupiga pasi ukiwa umeloa, taratibu, mvuke ukapanda, mpaka ukakauka kabisa. Nikamwambia apime tena.

Inchi ishirini na nne na nusu.

"Mwaga marashi yote unayouza," nikasema.

Bi Zainabu alilichukua lile koti, akalikunja yeye mwenyewe, polepole, akaliweka ndani ya leso mpya. Akatoka na mwanawe. Alipofika mlangoni akasimama, lakini hakugeuka. "Marahaba," akasema, akaenda zake. Nilichukua muda kuelewa kwamba anaitikia ile shikamoo ya jana.

Jumatatu nilikuja na msumari wa inchi nne na jiwe. Mbwana alikuwa amekaa anakunywa chai. Nikapanda juu ya kibao, nikaupigilia ukutani upande wangu, mapigo matano, chokaa ikadondoka juu ya cherehani. Nikautundika mkasi wangu.

"Umeupigilia juu kuliko wangu," akasema.

"Mimi ni mrefu."

Akaendelea kunywa chai. Hakuuondoa, nami nilikuwa nimeamua kwamba akiuondoa nitaupigilia tena kesho yake, na keshokutwa, hadi ukuta uishe. Hatukuliongea lile la kula mshono. Hajaniomba radhi mpaka leo, na mimi sijamsamehe mpaka leo, na tunafanya kazi.

Juma lililofuata Bi Zainabu aliteremka kwenye tuktuk akiwa na ndoo yenye kifuniko.

"Fundi yupo?" akauliza.

Mbwana akainua kichwa, kama kawaida yake. Bi Zainabu akaiweka ndoo chini, miguuni pangu, akafungua kifuniko. Ndani mlikuwa na kitani cha rangi ya zambarau, kimeloa, kimekunjwa vizuri.

"Nimekifua mwenyewe," akasema. "Hakijakauka, njia fupi. Nataka koti."

"La Swabir tena?"

"Langu. Kama lile. Mifuko iwe mikubwa."

"Bi Zainabu," akasema Mbwana kwa upole, "koti la kiume, mwanamke wa heshima zako..."

"Nimekuuliza wewe?"

Nikaibeba ndoo nikatoka nayo mbele, kwenye ile kamba ya kando ya barabara. Watu walikuwa wengi, ilikuwa siku ya soko. Bi Zainabu akanifuata, akapandisha mikono ya dera lake, akashika upande mmoja wa kitani na mimi nikashika wa pili, tukakikamua mbele yao wote.